Soketi ya Tano

Baba mkwe wangu hajawahi kuingia nyumbani kwangu, na hataingia. Huu ni mwaka wa nne tangu niolewe hapa Machochwe. Kila asubuhi anakuja, anasimama mbali kidogo na mlango wangu, anakohoa, anasubiri. Natoka, nampa shikamoo, anaitikia huku akiangalia ng'ombe. Katika boma hili la Wakurya mzazi haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, kwa sababu humo ndani kuna kitanda, na kitanda cha mwanao si kitu cha kukiona. Kwenye nyumba yenye vyumba vingi labda mtu angeweza kufika sebuleni akanywa maji. Nyumba yangu mimi ni chumba kimoja, tena kina magurudumu. Ukifungua mlango, kitanda hicho hapo.

Wakati naolewa hakuna aliyenieleza. Mimi ni Mnyiramba, nimezaliwa Singida. Mama yangu alikuja huku kuwapikia wachimba dhahabu, tukapanga chumba Nyarero, na huko ndiko mume wangu alikonikuta nikiuza maandazi. Wiki ya kwanza ya ndoa nilimwona mzee amesimama juani, nikatoa heshima zote nilizolelewa nazo: "Karibu ndani baba, chai iko tayari." Aligeuka akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka kwamba ng'ombe wake wako kwenye mahindi ya jirani. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo jioni akanieleza, na mimi nikataka ardhi inimeze.

Nyumba yenyewe watu wa hapa wanaiita tela. Ni lile gari la kulala lisilo na injini, ambalo watalii hulivuta nyuma ya gari jingine. Mume wangu alikuwa fundi kwenye kambi ya watalii jirani na hifadhi. Wenye kambi walipofunga na kuondoka, hilo tela lilikuwa limekaa miaka chini ya mti, matairi yamekwisha, na alipoliomba wakamwambia chukua. Alilivuta kwa trekta ya kuazima, kijiji kizima kimejipanga barabarani. Alipaka rangi. Alitengeneza kabati, akaweka sinki, akaning'iniza mapazia aliyoyachagua mwenyewe, ya maua makubwa ya njano, mabaya kweli. Soketi za wageni zenye matundu mawili ya duara alizing'oa, akaweka zetu za pini tatu. Umeme tulivuta kwa waya mrefu kutoka nyumba kubwa, ile ya wazazi.

Soketi hizo zilikuwa zawadi ya baba mkwe. Mzee alifanya kazi ya umeme miaka mingi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kabla ya kurudi kwa ng'ombe wake. Alikwenda Mugumu mwenyewe, akazichagua moja moja dukani, akizigonga kwa kucha kama mtu anayechagua tikiti maji.

Halafu mume wangu akaenda Chunya. Kambi ilishafungwa, kazi hakuna, na marafiki zake walisema huko dhahabu inatoka. Aliondoka alfajiri akiwahi basi, akasahau chaja yake ya simu imechomekwa ukutani, upande wake wa kitanda. Nilimpigia akiwa njiani. Akasema, "Iache hapohapo, nitanunua nyingine." Nikaiacha.

Mwezi wa kwanza alipiga kila siku. Mwezi wa pili, kila Jumapili. Baadaye ikawa napiga mimi, na yule mwanamke wa kwenye simu ananijibu kwa sauti yake tamu kwamba namba ninayopiga haipatikani. Nimemtukana sana yule mwanamke. Zikapita wiki, anapiga kwa namba ya mtu mwingine, dakika mbili, yuko salama, mtandao ni mbovu, msalimie tata. Tata ni baba yake, ndivyo wanavyomwita humu nyumbani, nami namwita hivyohivyo.

Ile chaja sikuichomoa. Ilikuwa na taa ndogo ya kijani, na mimi nililala upande wangu, upande wake nimeuacha na mto wake, nikiiangalia ile taa mpaka usingizi unichukue. Sikumwambia mtu. Ungemwambia nani? Mwanamke mzima unalala ukitazama chaja. Nilimkumbuka mpaka nikamchukia, halafu namkumbuka tena. Miezi saba ikapita hivyo.

Asubuhi moja niliamka na harufu ya plastiki iliyoungua. Nikawasha taa ya juu, ikawaka. Nikachomeka birika la umeme, kimya. Redio, kimya. Kila soketi niliyojaribu ilikuwa imekufa, na taa zote zinawaka bila shida. Nilipogeuka nikaona taa ya kijani imezimika. Niliiona, nikageuza uso.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda nyumba kubwa kuomba makaa ya moto na kumtajia mama mkwe ile harufu. Mama mkwe si mtu mbaya, ila tangu mwanawe aondoke alikuwa anasema mwanamke mmoja hawezi kulala kwenye bati lenye magurudumu, karibu na hifadhi, fisi wanalia. Kabla ya saa mbili shemeji yangu mkubwa alishafika na koleo la kukatia waya mkononi. Walikubaliana haraka sana, kama watu waliolizungumza siku nyingi: waya ukatwe leo, mimi nihamie jikoni kwa mama mkwe mpaka mume wangu arudi, na tela liwe ghala la mahindi.

Mahindi! Nilisimama pale uani nikaona gunia limekaa mahali pa mto wake. Kila kitu mle ndani ni mkono wake: msumari alioupinda, rafu iliyokwenda upande, hata mapazia yale ya aibu. Nikitoka mle, nilikuwa nimebaki na nini cha kuonyesha kwamba nina mume?

Mzee alikuwa ameegemea zizi. Alisema, "Mpaka jua lizame. Nikishindwa kujua ugonjwa wake, nakata mimi mwenyewe." Shemeji akaliweka koleo juu ya nguzo ya zizi, mahali ambapo kila mtu angeliona, akaenda shamba.

Ndivyo tulivyoanza kazi, yeye nje na mimi ndani. Alileta kigoda chake cha miguu mitatu, akakiweka chini ya dirisha dogo la upande wa sinki, akanipitishia bisibisi ya testa, ile yenye kataa ndani ya mpini, taa ndogo inayowaka ikigusa umeme. Alikuwa ameshakagua mita nyumba kubwa, akaufuata waya wote kando ya uzio kwa miguu yake, akaona mzima.

"Mkamwana," akasema, "mimi leo sina macho. Macho ni yako. Ukiniambia uongo, nitatibu uongo."

"Sawa, tata."

Nikamsomea boksi la swichi lililo kando ya mlango. Swichi ya taa iko juu. Swichi ya soketi nayo iko juu, haijaanguka. Akaguna.

"Sasa chomoa kila kitu. Kila kitu. Usiache hata redio."

Nikachomoa birika, redio, pasi, simu yangu. Nikasimama katikati ya chumba. Kitanda kiko kushoto kwangu, na ile chaja inaning'inia pale juu ya mto wake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, tata."

Hilo lilikuwa kosa la pili, na la kwanza likilinganishwa nalo ni utoto. Nilijiambia ni heshima: nitamtajiaje mzee kitanda? Ni kweli, sikuweza kulitamka lile neno mbele yake. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba sikutaka mkono wangu uichomoe. Yeye aliichomeka. Yeye ndiye angeichomoa.

Tukaenda soketi kwa soketi. Anasema tundu la kulia, naingiza testa, kidole kwenye kichwa cha mpini, kataa kanawaka. Anasema la kushoto. Kanawaka pia.

"Kushoto pia?"

"Pia."

"Jaribu ya karibu na mlango."

Ikawa vilevile, kulia na kushoto. Ya kwenye sinki vilevile. Ya kabati vilevile. Mzee akanieleza polepole kupitia dirishani, kama anavyomfundisha mtu kukamua. Umeme una waya wa kuingilia, huo ni wa moto, na una waya wa kurudia, unaitwa nyutro. Tundu la kulia ni la moto, lazima liwake. La kushoto halitakiwi kuwaka. Likiwaka maana yake nyutro imekatika mahali, umeme umefika kwenye kifaa na umekosa njia ya kurudi.

"Unakwenda vizuri," alisema. "Kurudi ndiko hakuna."

Nilicheka peke yangu mle ndani, kicheko kibaya. Sidhani kama alikusudia.

"Ila hapo kuna jambo," akaendelea. "Ili tundu la kushoto liwake hivyo, lazima kuna kitu kimechomekwa mahali. Kama umechomoa vyote, lingekuwa giza."

"Labda testa ni mbovu, tata."

Testa ile alikuwa nayo tangu kiwandani. Alinyoosha mkono aitake, akaenda nayo mpaka nyumba kubwa, akaijaribu ikawa nzima, akarudi akanipa dirishani. Angenigombeza ningepumua. Hakunigombeza.

Tukafungua soketi zote nne. Kabla ya kugusa skrubu alichomoa waya mkubwa kule nyumba kubwa, akaja na ule mwisho wake wenye pini, akakaa kwenye kigoda ameushika mkononi. "Uangalie," akasema. "Ukiuona mkononi mwangu, ujue hakuna kitu huko." Kila mara nilipoogopa nilichungulia dirishani, naona vidole vyake vyeusi vimezishika zile pini, na sijaona bado mtu mwingine aliyenilinda kwa namna hiyo. Nilifungua, nikavuta waya mmoja mmoja kama alivyosema, nikakaza, nikafunga. Zote zilikuwa imara. Hakuna iliyoungua.

Mama mkwe alituletea uji wa ulezi mchana. Mzee alinywa nje, mimi nikanywa nimekaa kwenye ngazi, katikati yetu kuna kuku. Shemeji alipita kutoka shamba, akaangalia koleo lake, akaangalia jua. Nilimwona akikadiria kwa macho magunia mangapi yataingia mlangoni.

Jua lilipoanza kuteremka mzee aliokota kijiti akachora vumbini. Alichora mstatili, tela langu, bila kuliona ndani hata siku moja. Akaweka mlango mahali pake. Akaweka boksi.

"Waya ukitoka kwenye boksi unakwenda upande gani kwanza? Sinki au upande mwingine?"

"Upande mwingine."

Akavuta mstari kuelekea kushoto. Kijiti kikatembea mpaka kikafika penye kona, pale kitanda kilipo, kikasimama. Nilikuwa namwangalia kutoka dirishani. Alijua. Nyumba ya chumba kimoja, sinki huku, mlango pale, kona iliyobaki ni ya nini? Alikiinua kijiti kana kwamba kimemchoma.

"Mugumu nilinunua tano," akasema taratibu. "Wewe umenisomea nne."

Alisimama, akaenda kuwaona ndama. Ndama hawakuwa na tatizo lolote. Alikaa huko muda, amewapa mgongo watu wote, na mimi nikaanza kukunja nguo zangu, maana nilijua amenikasirikia na atarudi na koleo kukata waya. Nikayashika yale mapazia ya njano nikalia. Nilimlilia mume wangu kwa sauti, kwa jina lake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya miezi saba yote.

Nilipofuta uso nilisikia kikohozi. Mzee alikuwa amerudisha kigoda, lakini safari hii amekigeuza. Amekaa ameupa mgongo ukuta wa tela, anaangalia vilima vya upande wa hifadhi, pini za ule waya ziko mkononi.

"Iliyobaki mimi sina haja ya kujua iko wapi," aliviambia vile vilima. "Nitasema, wewe utafanya. Unijibu ndiyo au hapana, basi. Tumeelewana?"

"Ndiyo."

"Kuna kitu kimechomekwa hapo?"

"Ndiyo."

"Ni chake?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

Hilo halikuwa swali la ndiyo au hapana, na nadhani lilimponyoka. "Tangu alipoondoka, tata."

Nyuki aliingia dirishani, akazunguka, akatoka. Halafu sauti yake ya fundi ikarudi. "Kichomoe."

Kiligoma. Pini zilikuwa zimeshikana na plastiki iliyoyeyuka, nikavuta kwa mikono miwili, goti langu likiwa juu ya mto wake, kikatoka kwa mlio. Akaniambia nifungue skrubu. Nyuma ya soketi niliukuta ugonjwa: waya wa nyutro umekuwa mweusi, skrubu yake haikuwa imekazwa sawasawa tangu mwanzo, ukacheza, ukapata joto, ukaungua. Ilikuwa soketi ya kwanza kwenye mstari, nne zote zilikuwa zinakunywa kwake. Haraka za mume wangu hizo. Namwona, ameshafunga zote, anataka kwenda kucheza bao.

"Skrubu ililegea?"

"Ndiyo."

"Mura yule," akasema mzee, yaani kijana yule, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimsikia akicheka. "Nilimwambia akaze."

Akanipitishia dirishani kisu na konekta, kile kipande kidogo cha kuungia waya, mkono ukija kinyumenyume bila kichwa kugeuka. Nikakata sehemu nyeusi, nikakwangua mpaka nikapata shaba safi, nikaunganisha, nikakaza mpaka vidole vikauma. Alinisubirisha, akanifanya nivute tena kila waya. Ndipo alipoinuka akaenda kuchomeka kule nyumba kubwa, na kabla hajarudi redio yangu ilishaanza kuongea. Kwenye tundu la kushoto testa haikuwaka.

Jua lilikuwa bado kidole kimoja juu ya kilima. Mzee alilichukua koleo juu ya nguzo, akamrudishia shemeji. Shemeji naye akasema mahindi yatakaa tu pale yalipokuwa. Mama mkwe aliniuliza harufu ilikuwa ya nini. Nikamwambia skrubu. Mzee alikuwa anasikia, akaitika kwa kichwa: skrubu.

Baadaye alirudi dirishani, mgongo kwanza. "Hiyo soketi itupe. Kilichoungua usikirudishe kazini hata kikikuonea huruma. Ziba tundu kwa kipande cha mbao."

"Nimesikia, tata. Na hii nyingine?"

Alijua naisema chaja. Aliunyoosha mkono nyuma, kiganja wazi. Nikaiweka, waya wake nimeuzungushia vizuri, upande mmoja umeyeyuka kama mshumaa. Nilidhani ataitupa kwenye shimo la taka. Aliitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaenda zake.

Usiku ule niliuhamisha mto wake nikaukumbatia, kwa sababu ukutani hapakuwa na kitu cha kutazama.

Wiki mbili tatu zilipita. Siku moja nilikwenda nyumba kubwa kuazima chekeche. Mama mkwe alikuwa sokoni. Mzee alikuwa mezani, miwani imefungwa kwa uzi, mbele yake pana jiko la mkaa lenye nondo nyembamba imepashwa mpaka imekuwa nyekundu, na risasi ya kulehemu. Chaja ilikuwa imefunguliwa tumbo. Pini zilizoyeyuka alikuwa ameshazikata, ameweka nyingine alizozitoa kwenye kifaa cha zamani, na alikuwa anahangaika kuunga nyaya mbili nyembamba kama nywele. Aliponiona alitaka kuifunika kwa kofia.

"Tata," nikasema, "si ulisema kilichoungua kitupwe?"

"Nilisema soketi."

Nje mbuzi alikuwa anasugua pembe kwenye mlango. Simu ya mume wangu ilikuwa haipatikani kwa siku ya kumi na tisa, nilikuwa nahesabu, na pale ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa nahesabu peke yangu katika boma lile. Sijui kwa nini nilidhani huzuni ile ni ya mke tu.

Alipuliza waya, akaukosa tena.

"Akija," alisema bila kuniangalia, "simu yake itakuwa haina chaji."

Niliweka chekeche chini, nikavuta kigoda upande wake wa meza, nikamshikia ule waya ili auunge.